Alama Zilizopotea Njiani Kwenda Kilungu

Vijana wangu mnaofanya kazi za mitambo, nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu Kikamba cha wengi wenu kimebaki cha kusalimia na kuombea chai. Siwalaumu. Lakini ninachotaka kuwasimulia kinahusu Kikamba, na kompyuta, na mzee mmoja wa Kilungu ambaye tulimpotezea kitu bila hata mmoja wetu kukusudia.

Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtu wa kupitisha maneno ya watu wengine. Nilianzia kwenye simu za kuunganisha kwa mkono, pale posta ya Kitui, nikiwa msichana wa sketi iliyopigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Nikamalizia kwenye barua pepe, nikiwa mama wa watoto wakubwa, miwani puani. Katikati nilipita kwenye teleksi na taipureta na mashine nyingine ambazo siku hizi mnaziona kwenye makumbusho. Nyinyi mnafikiri hizo ni kazi tofauti. Mimi naona ilikuwa kazi ile ile moja, ila waya ulikuwa ukibadilishwa.

Aliyenifundisha alikuwa Bi Zainabu, msimamizi wetu pale posta. Babu zake walifika Kitui na biashara kutoka pwani, na yeye alizaliwa pale pale mjini, akakisema Kikamba vizuri kuliko sisi. Alikuwa mpole, lakini ukikosea alikuwa anakaa kimya muda mrefu hadi utamani angekupigia kelele. Siku moja mfanyabiashara wa Kitui alipiga simu Kambu, kule barabara ya Mombasa, akaomba mwenzake amtafutie mbaazi za kujaza lori. Laini ilikuwa mbaya, inakwaruza. Mimi ndiye niliyeunganisha, na nilipoona hawasikilizani nikaingilia kati, nikarudia maneno kwa sauti, nikamuuliza yule wa Kambu kama amesikia. Akasema amesikia vizuri sana. Basi lori likafika Kitui limejaa mbuzi. Mji mzima ulicheka, isipokuwa mwenye kulilipia.

Bi Zainabu aliniita kando. Akaniambia kwamba nisimuulize mtu tena kama amesikia, kwa sababu kila mtu husema amesikia. Nimwambie anirudishie alichosikia, neno kwa neno. Ikibidi, herufi kwa herufi. Hilo ndilo somo la kwanza la kazi hii, na sijapata lingine linalolizidi.

Miaka ikapita. Mashine za kuunganisha kwa mkono zikaondolewa, na sisi tuliokuwa tukizikalia tukatawanyika. Mimi niliajiriwa kwenye ofisi ndogo hapo Kitui iliyokuwa ikiandaa kamusi ya Kikamba. Makanisa kadhaa yalikuwa yameungana kuigharamia. Mkuu wetu alikuwa Mzee Kilonzo, mhariri, mtu wa tai kila siku hata jua likiwaka namna gani. Kompyuta yetu ya kwanza ilipofika aliifunika kwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono, kile mnachofunikia viti vya sebuleni, na kwa muda tulikuwa tunavua viatu kabla ya kuingia chumba kile. Nadhani tuliogopa vumbi. Au labda tuliogopa tu.

Kabla ya barua pepe, maneno ya kamusi yalikuja kwa basi. Mtu wa Kathonzweni anaandika maneno yake kwenye karatasi, anampa kondakta, kondakta anasahau, karatasi inafika Mombasa na kurudi. Kwa hivyo modemu, ile mashine ya kupitisha barua pepe kwenye laini ya simu, ilipofungwa na fundi wetu kutoka Nairobi aitwaye Otieno, tulifurahi sana. Ilikuwa inalia kama ndama aliyefungiwa, halafu inanyamaza, na barua zinaingia. Tukawa na orodha. Maana yake ni hii: unaandika barua moja, unaituma kwa anwani moja, na programu iliyo kwenye kompyuta ya Kitui inaitoa nakala na kumtumia kila mwanachama. Wanachama walikuwa Kathonzweni, Machakos, Nairobi, na Wakamba wengine waliokuwa wakisoma ng'ambo. Mmoja alikuwa Kilungu, naye ndiye nitakayewaeleza.

Mwalimu Nzioka alikuwa amestaafu kufundisha shule ya msingi. Aliishi juu milimani, kwenye shamba la matunda na mahindi, mahali ambapo asubuhi ukungu unachelewa kuondoka. Hakuwa na kompyuta wala hakuitaka. Aliandika maneno yake kwa mkono, akayashusha hadi ofisi ya kanisa, na pale kulikuwa na karani aitwaye Kavinya, mwenye kompyuta na simu. Kavinya aliyapiga chapa na kuyatuma. Barua za orodha zikija, Kavinya alizichapisha kwenye karatasi na kumpa Mwalimu Jumapili baada ya ibada. Maneno ya Mwalimu yalikuwa mazuri kuliko ya wengine wote. Wengine tulileta maneno yanayojulikana. Yeye alileta yale ambayo ukiyasoma unamkumbuka bibi yako, na unashangaa ulikuwa umeyasahau tangu lini.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu alama. Mnajua Kikamba kinaandikwa na i na u za kawaida, na pia i na u zenye kiwimbi juu, ĩ na ũ. Sauti si moja. Ukiondoa kiwimbi, neno linakuwa neno jingine, au halina maana kabisa. Kompyuta za wakati ule hazikuwa na herufi hizo. Tukaazima za Kifaransa, zile zenye kofia, tukasema siku ya kupeleka kitabu kwa mpiga chapa kofia zote zitageuzwa viwimbi. Mũndũ, yaani mtu, tukaliandika mûndû, na kila mtu akaelewa.

Lakini nyuma ya hizo kofia kulikuwa na ugomvi. Miaka michache kabla ya hapo, kwenye mkutano wetu Kathonzweni, Mzee Kilonzo alipendekeza tuache alama kabisa. Alisema zinachelewesha kazi, wachapaji wanazikosea, na watu wenyewe wakiandika barua nyumbani hawaziweki. Wengi tuliitikia kwa vichwa, maana tulikuwa tumechoka na ilikuwa karibu saa ya chakula. Mwalimu Nzioka alisimama. Alisema kwa upole kabisa kwamba mjukuu wake siku moja atalikuta neno kwenye kamusi, wakati huo hakuna mzee wa kumuuliza, na kamusi ndiyo itakuwa mzee wake. Basi kamusi isimdanganye. Akaketi. Mzee Kilonzo akaondoa pendekezo lake, lakini uso wake ulionyesha kwamba jambo hilo halikumpendeza. Tangu siku hiyo wazee hao wawili waliheshimiana kwa umbali.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, Otieno alituambia kwamba programu yetu ya orodha ni ya zamani, na haitavuka mwaka elfu mbili. Wakati huo kila mtu aliogopa mwaka elfu mbili, kwa hivyo hatukubishana. Akaja Kitui, akaweka programu mpya, akahamisha majina ya wanachama, akajaribu kutuma barua moja ya majaribio, ikafika kote. Ilikuwa na maneno ya Kiingereza tu, ya kujaribu. Tukala nyama, akarudi Nairobi.

Kuna jambo moja mnapaswa kulielewa hapa, nalo si gumu. Barua pepe ina kichwa na ina mwili. Nyinyi mnaona tu kutoka kwa nani na kwenda kwa nani. Lakini kichwani kuna mistari mingine ambayo msomaji haonyeshwi, na mmoja wa mistari hiyo huiambia mashine inayopokea: herufi zenye kofia zimefungwa hivi ili zipite salama njiani, ukizifikia zifungue hivi. Programu ya zamani ilikuwa inachukua kichwa chote na kukipitisha kama kilivyo. Programu mpya ilikuwa inajitengenezea kichwa chake kipya, na mistari ambayo haikuijua iliitupa. Ule wa herufi ulitupwa pamoja na mingine. Barua ikafika ikiwa imefungwa, na hakuna aliyeiambia mashine jinsi ya kuifungua. Badala ya û mtu akaona alama ya sawasawa, kisha F, kisha B. Neno mûndû likawa m=FBnd=FB.

Sisi wa Kitui hatukuona lolote. Tulikuwa tunasoma barua kwenye ile kompyuta yenyewe, kabla hazijapita kwenye programu. Kwetu kofia zote zilikuwa vichwani.

Wanafunzi wawili wa ng'ambo waliandika kwamba barua zinakuja zimechafuka. Hawakusema zimechafuka vipi. Wanachama wengine walidhani ni kompyuta zao, wakanyamaza. Otieno kwa simu akasema hiyo ni kelele ya laini. Tukamwita fundi wa simu, akafungua kisanduku cha nyaya kilichokuwa ukutani nje, akakuta mjusi amefanya makao na familia yake yote. Tulishangilia kama watu waliomkamata mwizi. Mjusi akahamishwa, nyaya zikasafishwa, na malalamiko yakaisha. Tukasema tumetengeneza. Kumbe wale wanafunzi walikuwa wamechoka kulalamika.

Shikeni hili, litawafaa hata kwa mitambo ambayo mimi sitaishi kuiona: kelele haina mpangilio. Leo inaharibu hapa, kesho pale. Mkiona takataka ya aina ile ile inajirudia mahali pale pale, acheni kusafisha nyaya. Hiyo si kelele, kuna programu au mtu anayefanya kitu.

Kule Kilungu kulikuwa na vyote viwili, programu na mtu. Kavinya alipoona takataka zile kwenye barua za kwanza, alifikiri kama karani mwema. Mwalimu ni mzee, macho yake hayana nguvu, atasomaje karatasi iliyojaa alama za sawasawa? Akatumia ile njia ya kompyuta ya kutafuta na kubadilisha. Kila palipokuwa na takataka ya u akaweka u, na kila ya i akaweka i. Karatasi ikatoka safi. Jumapili akampa Mwalimu, na hakumwambia, kwa sababu hakuona kuna la kumwambia.

Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza ametuma maneno ya ususi wa vyondo, vile vikapu vyetu vya nyuzi. Sisi wa Kitui tuliyasoma, tukayasifu, Mzee Kilonzo akayapanga kwa utaratibu wa kamusi na kuyarudisha kwenye orodha ili wote wayakague. Yakamfikia Mwalimu Nzioka yakiwa hayana alama hata moja. Juu yake pameandikwa kwamba ndivyo yatakavyotokea kwenye kitabu.

Hebu fikirini mlivyo nyinyi, halafu mfikirie mzee yule. Alikuwa amesimama peke yake mbele ya mkutano, akapewa neno kwamba alama zitabaki, na sasa anaona neno hilo limevunjwa bila hata kuambiwa. Hakuandika kulalamika. Alimwambia tu Kavinya kwamba mahindi yanamhitaji, na kwamba atapumzika kidogo na maneno.

Kimya kilianza hivyo. Msimu wa kupanda ukapita, na palizi, na mavuno. Mimi niliuliza mara kwa mara kama barua za orodha zinafika Kilungu, na Kavinya alijibu zinafika, na ilikuwa kweli. Mzee Kilonzo alisema tumpe Mwalimu nafasi, labda ni afya. Nilipendekeza ampigie. Akasema mtu mzima hasukumwi. Nilijua anakumbuka Kathonzweni, na nadhani naye alikuwa akijiuliza Mwalimu amekasirikia nini safari hii. Wazee wawili, simu zote mbili zinafanya kazi, na hakuna aliyeinua mkono wa simu. Nikifikiria kazi yangu yote, hicho ndicho kinachoniuma zaidi ya nyaya zote zilizokatika. Waya mzima unaweza kukaa bure kabisa.

Lilikuwa jambo dogo lililofichua mambo. Nilimpigia Kavinya kuhusu ukurasa mmoja wa maneno ya ususi, kwa sababu neno moja pale lilikuwa limenitatiza, nami nilitaka Mwalimu alithibitishe. Nikamwomba Kavinya achukue nakala yake tusome pamoja. Akaanza kusoma neno zima, nikamkatiza. Sijui ni kwa nini siku hiyo Bi Zainabu alinijia. Nikamwambia anisomee herufi kwa herufi, pamoja na kila kilicho juu ya herufi.

Akasoma. Nikangoja aseme kofia, hakusema.

"Hiyo u ya pili haina kofia?" nikamuuliza.

"Haina, Mama Mumo. Hakuna yenye kofia hapa."

"Kwenye neno hilo, au kwenye ukurasa wote?"

"Ukurasa wote. Hata barua zote." Akaongeza: "Huwa zinakuja na takataka, mimi naziondoa. Nilidhani mnajua."

Nikamwomba asitoe chochote, afungue barua ya mwisho kama ilivyoingia, anisomee takataka yenyewe. Akasoma: alama ya sawasawa, F, B. Neno lililofuata, sawasawa, F, B. La tatu, vile vile. Nikamuuliza Mwalimu huwa anapewa karatasi ipi. Akasema ile safi.

Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Naye alikuwa Mkamba, alijua alama ni nini, na alijua kilichotokea Kathonzweni.

"Kwa hivyo ni mimi niliyemnyamazisha Mwalimu," akasema.

Nilimwambia si yeye, ni programu. Nilimwambia hivyo mara nyingi siku hiyo na baada ya siku hiyo, na ni kweli, lakini nyinyi mnajua kuna ukweli ambao hausaidii. Alikuwa amefanya wema. Ukimwambia mtu kwamba wema wake ndio ulioficha ugonjwa, hana hata kosa la kutubu. Anabaki nao tu.

Kutengeneza kwenyewe hakukuwa na lolote la kujivunia. Otieno, nilipomwambia ni takataka ile ile kila mara, alicheka kicheko cha mtu anayejionea haya. Akaniongoza kwa simu hadi kwenye faili ya mipangilio ya programu mpya, mahali panapotajwa ni mistari ipi ya kichwa ipitishwe. Tukaongeza iliyokosekana. Nikaandika barua ya majaribio, safari hii nikaijaza maneno yote ya Kikamba yenye alama niliyoyakumbuka, hata ya matusi madogo, nikamtumia Kavinya. Akanisomea herufi kwa herufi, u ina kofia, i ina kofia, hadi mwisho. Kazi ilikwisha kabla chai haijapoa. Miezi yote ile, na dawa yake ilikuwa ya dakika chache.

Mkihamisha programu yoyote ya barua, ijaribuni kwa lugha ya wenye barua. Kiingereza kitapita popote, hakitawaambia kitu. Na msijaribu mkiwa mmekaa kwenye mashine inayotuma. Nendeni mwisho wa waya, mkaone kinachoonekana kule. Na yule anayewasafishia wengine taarifa ili wasisumbuke, mtafuteni, mkae naye, mumuulize anasafisha nini.

Mzee Kilonzo alipoelezwa alivua miwani akaifuta muda mrefu. Akasema ataandika barua ya kumweleza Mwalimu. Nikamwambia jambo hili halifai barua, ya karatasi wala ya pepe. Akakubali, lakini akasema mgongo wake hauwezi ile safari. Labda haukuweza. Nikaenda mimi, na karatasi zilizochapishwa upya, kila kofia mahali pake.

Nilishuka gari pale Salama, kwenye barabara ya Mombasa, nikapanda milima. Kilungu ni baridi kwa mtu atokaye Kitui, nilijifunga kanga mabegani juu ya sweta. Mwalimu nilimkuta akipogoa miparachichi. Alinikaribisha vizuri, akamwambia mkewe alete chai, akaniuliza habari za watoto mmoja mmoja kwa majina. Hakuniuliza habari za kamusi.

Nilimpa karatasi kwanza, bila maneno. Alizisogeza karibu na uso. Aliweka kidole juu ya kofia ya kwanza, akaenda ya pili, akaendelea hivyo mstari mzima kama mtoto anayejifunza kusoma. Ndipo nikamweleza yote: programu, kichwa cha barua, mstari uliotupwa, Kavinya na usafi wake. Nilikuwa na hofu kwamba maneno ya kompyuta yatamchosha, lakini alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi, alielewa haraka kuliko Mzee Kilonzo.

"Kwa hivyo Kilonzo hakubadilisha?" akauliza.

"Hakubadilisha hata moja, Mwalimu. Kitui zilikuwepo siku zote."

Akakunja karatasi polepole. Nilidhani atafurahi, au atakasirika, na kwa vyote viwili nilikuwa nimejiandaa. Badala yake akaniuliza kama nilijua maneno yale ya ususi alikuwa anayatoa wapi. Nikasema sikujua. Kwa kweli hakuna mwanachama aliyejua, yeye alileta maneno tu.

Akaniambia yalikuwa ya dada yake mkubwa, Syokau, aliyeishi ng'ambo ya bonde. Alikuwa msusi wa vyondo tangu ujana wake, na kwake kila kitu kwenye chondo kilikuwa na jina lake: uzi wa kwanza kabisa, kitako, mahali pa kuongeza nyuzi, mahali pa kubadilisha rangi, makosa ya aina hii na makosa ya aina ile. Majina mengine hata Mwalimu hakuwahi kuyasikia kwa mtu mwingine. Kila Jumamosi Mwalimu alikuwa anavuka bonde na maswali yake, wanakaa, yeye anauliza, dada anasuka na kumjibu, na wanacheka. Walikuwa wamefika kwenye kitako tu. Ya juu yote yalikuwa bado.

"Nilipoona alama hazipo, niliona naenda kumsumbua bure," akasema. "Maneno yatakayoandikwa vibaya, ya nini? Nikaacha kwenda."

Syokau aliugua baada ya mavuno. Ugonjwa haukuchukua muda. Mwalimu alifika hospitalini siku ambayo tayari dada alikuwa haongei.

Nilimpa pole kwa Kikamba, na nikaona aibu kwa jinsi pole ilivyo neno fupi. Mkewe alikuja akachukua vikombe, akatuangalia, akarudi ndani.

Mwalimu akasema tena, kwa sauti ya chini, kama anayeongea na mti wake: "Lakini yule alikuwa dada yangu, Mama Mumo. Ningeweza kwenda bila swali."

Baadaye aliniuliza kama ninaweza kutembea. Tukashuka bondeni kwa njia ya miguu, tukapanda upande wa pili hadi kwa marehemu. Nyumba sasa ilikuwa ya mwanawe na mkewe, Ndinda. Ndinda alikuwa ameketi kibarazani anasuka, na chondo chake kilikuwa kizuri, kimekazwa vizuri, rangi zimekaa. Alijifunza kwa mama mkwe. Mwalimu aliketi karibu naye, akamwamkia, na baada ya muda akagusa ukingo wa chondo mahali nyuzi zinapogeuka, akamuuliza panaitwaje.

Ndinda alipaangalia kana kwamba hajawahi kupaona. "Hapa? Hatupaiti. Mama alikuwa akinionyesha tu kwa kidole, anasema fanya hivi."

Mwalimu akagusa pengine. Ndinda akafikiri, akataja neno la Kiswahili, akajua si lenyewe, akacheka kwa haya. Vidole vyake vilikuwa vinaendelea kusuka wakati wote huo, havikukosea.

Kazi ya kamusi iliendelea. Mwalimu Nzioka alirudi kwenye orodha na akatuletea maneno mengine mengi, ya miti na ya mvua na ya maradhi ya ng'ombe, na kitabu kikatoka na viwimbi vyake vyote. Yeye na Mzee Kilonzo walipeana mikono siku hiyo, mbele za watu. Nilisimama karibu nao, na nilisikia kwamba walizungumza habari za mvua. Mkikipata kitabu hicho mahali, angalieni maneno ya chondo. Kitako kipo kwa ukamilifu. Kuanzia hapo kwenda juu hakuna kitu.

Siku ile kwa Ndinda jua lilikuwa linaelekea kushuka, nami nilitaka kuwahi gari Salama. Nikasimama, nikamngoja Mwalimu asimame pia tushuke pamoja. Hakusimama. Ndinda alikuwa ameenda jikoni kuweka uji motoni. Nikamuuliza Mwalimu kama kuna neno jingine anataka kumuuliza yule binti, nimngojee.

"Hapana," akasema. "Sina swali. Nitakaa tu."

Nikamwacha hapo kibarazani, nikashuka peke yangu.